Dorogamu Bado Yuko Malishoni

Mume wangu Abdille ni mfugaji hodari. Mwaka wa tisini na tisa alikuwa na mifugo sitini na mmoja, yote mizima, yote imenona, na hakuna hata mmoja uliowahi kunywa tone la maji ya Mto Tana. Ilikula betri. Betri nne kila wiki, kutoka mshahara wangu wa ualimu, alhamdulillahi.

Mifugo hiyo iliishi ndani ya kidude cha kijivu kinachotosha kiganjani. Kaka yangu Abdinur alikileta kutoka Kanada kama zawadi ya binti yetu Leyla. Ni mchezo. Unatembea kwenye majani marefu, unakutana na majitu na mandege ya ajabu, unayarushia kamba, unayakamata, kisha unayapiganisha na ya wengine. Leyla alicheza siku tatu. Siku ya nne baba yake alimwambia, "Lete nione," na mtoto hakukiona tena ila baba akiwa msikitini.

Sitaki mtu amcheke kabla sijamaliza kumcheka mimi, kwa hiyo nieleze. Kabla ya mafuriko ya mwisho wa tisini na saba, Abdille alikuwa na ngamia thelathini na wanane. Ngamia wa kweli, wenye nundu na harufu. Maji yalipokuja, walianguka kwenye matope wakavunjika miguu, na waliobaki wakamalizwa na homa. Abdille alirudi hapa Garissa kwa miguu, mkononi ana kengele moja ya mbao ya ngamia wa mbele. Akaitundika ukutani, akatandika mkeka chini yake, akalala. Mwaka mzima na zaidi alikuwa hapo. Mimi nilikwenda shule, nikarudi, nikamkuta. Hata mkeka ulikuwa umechoka naye.

Dawa ilikuwepo. Kaka yake mkubwa Dekow, anayekaa Eldas, kule Wajir, alituma ujumbe mara tatu kwamba jamaa wako tayari kumchangia ngamia aanze upya. Ndiyo desturi yetu: aliyepoteza huchangiwa, na siku nyingine atachanga yeye. Lakini desturi ina sharti moja. Mwenye hasara aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba wamekwisha na walikuwa wangapi. Mke hawezi kumsemea, na barua haikubaliki. Ujumbe wa tatu uliongeza kwamba mvua za gu, zile za masika, zikishanyesha kila mtu atahamia mbali na mifugo yake, na mwaka huo hakutakuwa na wa kuchanga.

"Baba Leyla, umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia. Nitaangalia."

Akaangalia kioo cha kidude.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na mwiko, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikuwa nataka mume wangu, yule aliyekuwa akiingia nyumbani ananuka moshi na maziwa na kulalamika kwamba chai haina sukari. Badala yake nilikuwa na mtu anayeninong'oneza nipunguze sauti kwa sababu Dorogamu amelala.

Huyo Dorogamu ndiye alikuwa mkubwa wa zizi. Kobe. Wachezaji wa Kanada wanamtumia kuwakanyaga wenzao, maana ni mkubwa kama kilima, na mgongoni ana mti wa miiba, na kando ya mti ana kisima. Abdille alimpata akiwa mdogo, akamtembeza majanini wiki saba mpaka akawa jitu. Kupigana alikataa katakata. Kila adui alipotokea, mume wangu alikimbia.

"Baba, mchezo wenyewe ni kupigana!" Leyla alilia.

"Mnyama mwenye kisima mgongoni unamtia vitani?" alisema Abdille. "Watu wa huko Kanada hawana akili."

Mchezo uliruhusu kila mnyama apewe jina. Wa Abdille walipewa majina ya ngamia. Dorogamu peke yake aliachiwa jina alilokuja nalo kwenye mchezo. Ila Abdille alimwambia Leyla aandike mbele ya jina hilo mistari miwili na nukta, alama ambayo baba yake alikuwa akiwachoma ngamia wake shingoni. Mashallah, kobe wa betri akapata ukoo.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Jumamosi moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, watoto arobaini na wanane wameandika insha ileile, na mume wangu yuko kwenye mkeka anahesabu wanyama wake kwa sauti. Nikachoka. Nikamwambia:

"Mfugaji gani wewe? Siku nne umewafungia humo ndani. Hawaendi malishoni? Wafungulie basi, masikini, wanakufa njaa!"

Nilikuwa nakejeli. Ndiyo kazi yangu ya pili baada ya ualimu. Yeye alinitazama kama mtu aliyekamatwa na kosa, akasema, "Wallahi, kweli. Siku nne."

Humo kwenye kidude kuna ukurasa wenye picha ya zizi na lango dogo. Ukibonyeza, lango linafunguka. Chini yake kuna onyo la Kiingereza la mistari mitatu. Mimi ningelisoma mara moja kama ningejisumbua kuinua kichwa. Abdille hasomi Kiingereza, lakini lango analijua tangu ana miaka mitano. Alifanya kama kila mfugaji anavyofanya asubuhi: alimtoa kwanza yule wa mbele, wengine wafuate. Dorogamu akatoka polepole, akafika pembeni mwa kioo, akapotea. Wengine hawakufuata. Abdille alishangaa kidogo, akafunga lango, akahifadhi mchezo kama alivyofundishwa, akaenda kuswali adhuhuri akiwa ametulia kabisa.

Leyla aliporudi kutoka madrasa alikuta baba yake amekaa, kidude mapajani, anangoja jioni.

"Baba! Ukimfungulia harudi! Ndivyo mchezo ulivyo!"

"Mnyama wangu anajua kwao," alisema Abdille.

Alingoja Jumamosi. Alingoja Jumapili, akatembea kwenye yale majani marefu ya mchezo kuanzia juu mpaka chini, anatafuta nyayo. Jumatatu alibadilisha betri ili Dorogamu akirudi akute taa. Hapo sikucheka tena. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia, na kwa kuwa mimi sijui kuomba msamaha, nilimpikia nyama akaiacha.

Jumatano, siku ya soko la mifugo, alivaa kanzu safi, akachukua bakora yake iliyokuwa imekaa nyuma ya mlango tangu mafuriko, akatoka. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili, kwa hiyo nilijitupia shungi nikamfuata. Nilidhani anakwenda kununua betri.

Nilimkuta amemkabili afisa wa mifugo, kijana wa Machakos aliyekuwa na wiki mbili tu Garissa, ameshika kalamu na daftari la mifugo iliyopotea.

"Ngamia au ng'ombe, mzee?" aliuliza afisa.

"Ngamia habana. Kobe," alisema Abdille kwa Kiswahili chake kisicho na herufi ya p.

"Kobe?"

"Kobe kubwa. Mgongo yake iko na mti. Iko na maji. Ilitoka Jumamosi saa tano, beke yake, mbaka leo hakuna."

"Mkubwa kiasi gani?"

Abdille alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kufananisha, akaona bohari ya serikali. "Kushinda hii," alisema.

Afisa alifunga kalamu. Watu wakaanza kukusanyika, na kicheko kikaanza nyuma kwa wauza mbuzi, kikaja mbele. Uso wangu uliwaka moto. Mimi, mwalimu Saynab, ambaye nusu ya wale vijana niliwafundisha kusoma! Nilianza kupenya nimshike mkono nimpeleke nyumbani.

Aliyenitangulia ni Abdow. Abdow ni dalali wa ngamia, jamaa ya mume wangu kwa upande wa baba, anayekwenda na kurudi kati ya Garissa na Eldas. Ni mwongo kuliko watu wote wa soko lile. Atakuuzia ngamia aliyekufa akwambie amelala. Lakini kuna jambo moja ambalo hata Abdow halifanyii mzaha, nalo ni mtu anayetafuta mnyama wake. Kwetu, ukiulizwa habari za mnyama aliyepotea unasimama, unasikiliza mpaka mwisho, na unajibu kweli, hata kama anayeuliza ni adui yako. Anayecheka siku hiyo, siku yake ikifika hakuna atakayemwambia mnyama wake yuko wapi.

"Nyamazeni," alisema Abdow. Wakanyamaza. Akamgeukia mume wangu kwa Kisomali. "Walaal, ndugu yangu, nimesikia. Jike au dume?"

"Sijui. Ni mpole."

"Alielekea wapi?"

"Kulia."

"Ana alama?"

"Mistari miwili na nukta."

Abdow aliichora mavumbini kwa kidole. "Hiyo ni alama ya ngamia wa mzee wenu," alisema. "Naijua. Nikimwona mwenye alama hiyo njiani nitamleta mwenyewe. Lakini niambie nitafute vizuri: wenzake wa alama hiyo wako wapi? Mnyama aliyepotea hufuata wenzake."

Ni swali la kawaida. Kila anayetafuta mnyama huulizwa hivyo. Nilimwona Abdille akiiegemea bakora kwa mikono miwili. Nikatamani ardhi inimeze, si kwa aibu yangu safari hii.

"Hawapo," alisema. "Wamekwisha."

"Wote?"

"Wote. Walikuwa thelathini na wanane. Wengine walikufa matopeni, wengine kwa homa. Hakubaki hata mmoja. Nimebaki na kengele."

Alisema kwa sauti, katikati ya soko, mbele ya wauza mbuzi na wachinjaji na afisa wa Machakos aliyekuwa hajui Kisomali lakini alikuwa amevua kofia. Kisha mume wangu akalia. Sijawahi kumwona akilia, na sikumgusa, kwa sababu sikutaka ajue kwamba nimeona.

"Inna lillahi," alisema Abdow. "Tumesikia." Na wale wauza mbuzi, wote, wakasema, "Tumesikia."

Abdow alipanda lori la Wajir alasiri ileile. Sikujua. Nilidhani mambo yameishia pale, na nilikuwa nimejiandaa kwa mwaka mwingine wa mkeka.

Siku kumi na moja baadaye, wingu la mvua likiwa limeanza kutanda, nilisikia kishindo nje. Dekow alikuwa amesimama langoni, mavumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yake ngamia majike sita na ndama wawili, wametoka kushushwa kwenye lori.

"Assalamu alaykum, shemeji," aliniambia. "Wamechanga watu kumi na wawili."

Kisha akamwendea ndugu yake, akamkabidhi kamba ya ngamia wa mbele, mkubwa, mweusi, mwenye hasira, na ninakumbuka maneno yake yote. "Huyo aliyepotea Jumamosi mimi simjui," alisema. "Abdow ameniambia alikuwa na kisima mgongoni. Huyu hana kisima. Ana maziwa. Utatuwia radhi."

Abdille alimtazama shingoni. Walikuwa wameshamchoma alama, mistari miwili na nukta, kidonda bado kibichi.

Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kusema, ya kejeli, yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka. Nikasema tu, "Karibuni chai," na chai yenyewe nikasahau kuitia sukari, na mume wangu akalalamika.

Usiku alipokuwa anaifunga kengele kwenye kamba mpya nilimwambia ukweli. "Siku ile nilikuwa nakutania. Nilipokwambia uwafungulie."

"Najua," alisema. "Lakini ulisema kweli. Mnyama hafungiwi siku nne."

Kidude kimerudi kwa Leyla, na wanyama wake sitini. Anawapiganisha kwa raha zake. Abdille sasa yuko kambini na ngamia, anakuja mjini mara moja kwa mwezi ananuka moshi, na kila akija, kabla hajaketi, huuliza, "Leyla, na yule?"

"Bado, Baba."

"Atarudi."

Na Leyla akienda kulala, mimi ndiye ninayezima taa na kufunga nyumba. Kidude hukikuta mezani. Nakiwasha, nakwenda kwenye ule ukurasa wa zizi, naangalia pembeni mwa kioo upande wa kulia, dakika moja hivi, halafu nakizima. Betri bado nanunua mimi.