Ndevu za Nabangala

Ndevu za Nabangala zilikuwa zake, na tangu zianze kuota akiwa na miaka thelathini hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yazo. Hazikuwa nyingi. Zilikaa kidevuni, nyeusi, kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, na kule soko la Nakivubo alikouza ndoo na mabeseni kwa jumla kila mtu alikwisha kuzizoea. Marehemu mumewe, Cleopas, alimletea wembe mara moja tu katika ndoa yao yote. Nabangala aliutumia kukatia kucha, na mazungumzo yakaishia hapo.

Balaa lilikuja na mvi. Mwaka huu alipotimiza hamsini na sita, zile ndevu ziligeuka nyeupe pe, na wachukuzi wa sokoni waliokuwa wakimwita mama wakaanza kumwita jaja. Jaja, yaani bibi kizee, mwanamke anayebeba mabeseni dazeni moja kwa mkono mmoja! Ndevu alizikubali. Uzee hakuutaka, na hakuona kwa nini avipokee vyote viwili kwa mpigo. Ndiyo maana Jumamosi hiyo asubuhi, nyumbani kwake Ntinda, alikaa mbele ya kioo akiwa na paketi ya rangi ya nywele, kisosi, na mswaki uliochakaa.

"Mama, hata leo?" Binti yake, Nakhisa, alikuwa amesimama mlangoni na kanga kiunoni.

Leo saa nane mchana wakwe walikuwa wanakuja. Kidega, askari polisi aliyemchumbia Nakhisa, angemleta mama yake, Lanyero, sajini mstaafu, ili wazazi waonane kabla ya watu kwenda Bungoma, kwa ndugu za Cleopas, kuzungumza mahari.

"Leo hasa," alisema Nabangala.

"Mwanamke mwenye ndevu ananyoa. Wewe unazipaka rangi ili zionekane vizuri."

"Na zionekane. Nimeiba mahali?"

Nakhisa aliweka wembe mpya mezani, bado umo kwenye karatasi yake. "Nyoa, mama. Nakuomba. Ukikataa, mama mdogo Moreen atakaa kwenye kiti chako. Nimeshaongea naye. Tutasema unaumwa."

Neno hilo lilimchoma, usiseme. Moreen, mdogo wake mwenye kidevu laini, asiyejua hata Nakhisa alianza kutembea lini! "Nimekuzaa mimi," alisema, "nimekusomesha kwa ndoo na mabeseni, halafu leo niugue ili Moreen awe mama yako?" Huku anasema huku anakoroga unga wa rangi na maji, kwa hasira, mpaka ukawa uji mzito. Akajipaka mafuta ya mgando pembezoni mwa ndevu ili rangi isishike ngozi. Kisha akachovya mswaki, akaanza kupaka kutoka shingoni kwenda juu, taratibu, kila unywele.

Sasa, rangi hii ina sharti lake. Ukishapaka unakaa nusu saa bila kufungua mdomo, kwa sababu kidevu kikicheza inapanda midomoni, na ikishika hapo haitoki upesi. Mwezi uliopita, mara yake ya kwanza, Nabangala alijitia kupiga soga na jirani, matokeo yake akaenda kanisani Jumapili na mdomo mweusi. Leo akafumba mdomo kabisa.

Nakhisa aliliona hilo. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Basi leo utanisikiliza," alisema. "Siogopi kwamba watakucheka wewe. Naogopa watakavyonitazama mimi."

Akauchukua mkono wa mama yake, akauweka chini ya kidevu chake mwenyewe. Nabangala alihisi visiki vidogo vya ndevu vikimchoma vidoleni.

"Tangu kidato cha nne. Kila asubuhi, kabla hamjaamka. Kidega hajui. Mtu akitaka kuoa anamtazama mama wa msichana, ajue mkewe atakuwaje mbele ya safari. Huyo sajini akikuona wewe, ameshaniona mimi."

Nabangala alitaka kusema mambo mia na hakuweza kusema hata moja. Miaka yote hiyo alikuwa akisikia binti yake anaamka alfajiri kujifungia bafuni, naye akadhani mtoto anasali, na alikuwa akijisifu kwa watu. Alibaki ameshika kidevu cha mwanawe, machozi yakimtiririka pembeni ya rangi, mpaka nusu saa ikaisha.

Alipokwisha kunawa, ndevu zilitoka nyeusi tii kuliko zilivyokuwa hata ujanani.

"Kiti ni changu na nitakikalia," alisema. "Habari ya kidevu chako ni yako. Wakiniuliza, sitasema lolote. Lakini sitajificha ili wewe uendelee kujificha. Wembe urudishe dukani."

Nakhisa alikwenda jikoni kukanda unga wa chapati, na ulivyokuwa ukipigwa huko ndani, hata jirani alijua kuna mtu kaudhika.

Saa nane kamili wageni waliingia. Lanyero alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na alikunywa nusu kikombe cha chai bila kuondoa macho kwenye kidevu cha mwenyeji wake. Kidega alitazama viatu vyake. Moreen, aliyeketi pembeni baada ya kunyimwa kiti, alikuwa anatoka jasho.

"Mama Nakhisa," alisema Lanyero kwa Kiswahili chake cha kambini, "hii ndevu iko ya ukweli?"

"Za kweli. Cha dukani ni rangi."

Lanyero aliitikia kwa kichwa. "Iko ya ukoo?"

"Hapana, hapana," Moreen alidakia. "Ni yeye tu. Nitazameni hata mimi."

Kila mtu akamgeukia Nabangala. Neno moja la uongo lingemwozesha mwanawe bila matata, na lilikuwa limeshafika ulimini. Akauma meno, akanyamaza.

Nakhisa alikuwa amesimama na sahani ya chapati. Aliiweka mezani.

"Mimi pia ninazo," alisema. "Nanyoa kila asubuhi."

Lanyero alimgeukia mwanawe. "Kidega, umesikia. Sema kitu."

Kidega alijikuna shingo. Alimtazama Nakhisa, akaitazama chai. "Nitazoea," alisema.

"Usizoee," alisema Nakhisa. "Mimi si kelele za jirani."

Nabangala alimtazama binti yake. Aliogopa, kwa sababu wageni wangeweza kuinuka wakati huo huo wakaenda na ndoa yao. Lakini alifurahi kiasi kwamba ilibidi ashike mkono wa kiti.

"Leo usinijibu," Nakhisa aliendelea. "Kuleni chapati, mwende nyumbani, ufikirie. Jumamosi ijayo, ukitaka, njoo. Utanikuta sijanyoa."