Wastani wa Kusubiri

…na bado grafu ni nzuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya, nguzo ndefu nyekundu ni kusubiri kwa zamani, nguzo fupi ya kijani ni kusubiri kwa programu yake ya kupanga foleni ya wagonjwa, muda umepungua nusu nzima, hata wanafunzi walioletwa kujaza viti wameguna, sasa huyu mwalimu wa miwani ambaye mwaka wa nne wote wanamwita Nyundo anataka nini tena, kainua uso kutoka kwenye ripoti na kuuliza kama mtu anayeomba chumvi, "Kijana, huo wastani ni wa wagonjwa wote?" … wote, ndiyo, wa nani wengine, aseme neno hilo moja ashuke, shahada imebaki hapo tu, lakini macho yamekimbilia kiti cha nyuma alikokaa Shangazi, kavaa gauni la bluu la kwendea harusi, Shangazi muuguzi, aliyembembeleza mkuu wa zahanati mpaka akakubali programu ijaribiwe wiki moja pale mapokezi, na ambaye juzi kasimamishwa kazi kwa uzembe na bado kaja, "Nikae nyumbani nifuge ndevu, na mwanangu anatetea mradi wake? Thubutu!" … uzembe, ndivyo walivyosema, mgonjwa kaja siku mbili mfululizo hajaitwa, ya pili jioni mfagiaji kamgusa kwa ufagio, amka mzee tunafunga, mzee akaanguka upande, kumbe alishakata roho pale pale kwenye benchi, na yeye, Mungu amsamehe, aliamini, kwa sababu anamjua Shangazi, Shangazi na umbea ni pete na kidole, akipata kikombe cha chai na wale wa dirisha la dawa dunia inasimama, kwa hiyo alipopiga simu akilia, "Baba, mimi sikumsahau yule mzee, sikumsahau," yeye alijibu pole, pole sana Shangazi, na moyoni akasema si ungekaa kwenye kiti chako … "Umesikia swali?" Nyundo huyo, "Nimesikia, mwalimu," maji kidogo … wagonjwa wote, yaani kila aliyeingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, toa, jumlisha, gawanya, kazi ya mtoto wa shule, isipokuwa … isipokuwa mchana mmoja bwenini, akitafuta huo wastani, programu iligoma kuhesabu, kila ikifika kwa mtu fulani inazimika, mtu ana saa ya kuingia na hana saa ya kutoka, akaona ah, data chafu hii, mtu kachoka kajiendea zake, akaandika mstari mmoja, asiye na saa ya kutoka mruke, programu ikapona, akapiga mluzi, akaenda kula … mruke … nani huyo alimruka, hata hakutazama, na sasa anamwona, yule mzee wa benchi, fundi cherehani mstaafu, miguu imevimba mpaka kavua viatu, alimkuta mwenyewe asubuhi ya siku ile ya pili alipokwenda kuwasha kompyuta pale mapokezi, akamtania, "Mzee, leo na wewe unaambiwa njoo kesho, kama ulivyokuwa unatuambia sisi," na mzee akacheka mpaka akakohoa, "Subira yavuta heri, kijana, zamu yangu itafika," na haikufika, haikuweza kufika, loo, miguu ya kuvimba yeye mwenyewe aliipa pointi chache, mtoto mwenye homa kali nyingi, mjamzito anayetokwa damu nyingi zaidi, mwenye nyingi hupita mbele, na zahanati ile haiishiwi watoto wenye homa, mlango unafunguka anaingia mwingine, mzee anarudi nyuma, mlango unafunguka, mzee nyuma … na dawa yake anaijua, wamefundishwa, anayesubiri muongezee pointi kadiri anavyokaa, la sivyo yupo atakayengoja mpaka kiama, Nyundo alisema hivyo hivyo, kiama, darasa likacheka, na yeye kaiandika kabisa kwenye ripoti, sura ya mwisho, chini ya kazi za baadaye, sentensi safi, ameipenda mpaka akamsomea mwenzake wa chumbani …

"Au tuseme," Nyundo kashusha sauti, leo hagongi, huenda kachoka naye, "wote waliohudumiwa?" … na huo ni mlango, kafunguliwa kwa huruma, aseme ndiyo mwalimu, waliohudumiwa, wala si uongo, hata kiapo angekula, apewe alama zake, na Jumatatu Shangazi aingie kikao cha nidhamu peke yake ajieleze kwa nini hakumwita mzee aliyekuwa mbele ya macho yake … kwa nini kweli, Shangazi wewe, miaka yote unaita wagonjwa kwa jicho lako, unapita benchi unagusa mapaji ya uso, wewe njoo, na wewe njoo, kwa nini huyu … na kuna sauti inajibu na sauti ni yake mwenyewe, siku ya kwanza pale mapokezi, kifua mbele, wauguzi wote wanasikia, "Shangazi, mazoea weka kando, usiite mtu kwa kichwa chako, utaniharibia data, fuata skrini tu," wenzake wakamcheka, naye akacheka pia, haya Profesa, tumekusikia … akafuata, mbishi yule, hakumsikiliza baba yake wala mumewe, akamsikiliza yeye, siku mbili nzima akapita mbele ya miguu ile na hakuita, na kwenye simu sikumsahau, sikumsahau, ila hakusema skrini, hata mara moja hakusema skrini, na kikaoni hatasema, hakuna atakayesema … feni ya projekta inavuma, Nyundo kaweka kalamu chini anangoja, na kule nyuma Shangazi kamkazia macho, midomo inatamka bila sauti, polepole, kama anamfundisha mtoto kusoma, sema wote, baba, sema wote.