Mshipa wa Mguuni

Absalom Nguma alikuwa fundi cherehani pale Magongo. Mwaka wa 1947, akiezeka paa la jikoni, bati lilimponyoka likamkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kidonda kilifunga, lakini kidole gumba na viwili vinavyokifuata vikafa ganzi. Sindano ikimchoma, hajui mpaka aone damu kwenye nguo ya mtu.

Shemeji yake Justus, kaka wa mkewe Pascalia, alikuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini. Akampeleka kwa daktari Mzungu aliyejifunza vitani kuunga mishipa ya fahamu. Daktari alisema maneno mengi. Justus akayatafsiri kwa machache:

"Mshipa umekatika, na ncha zimeachana. Atatoa kipande cha mshipa mguuni akiunge hapo. Utakua polepole, kama ukucha. Uvumilie mwaka mzima."

"Na mguu?"

"Mguu hauna neno."

Absalom akatia alama ya dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, akapasuliwa.

Mwaka ukapita. Kwanza alihisi kama sisimizi wanatambaa kiganjani, kisha vidole vikaanza kushika. Mkasi aliuweza. Vifungo vya shati lake bado alifungiwa na Pascalia.

Siku moja alikuwa akipiga pasi, kaa la moto likadondoka kwenye mguu wa kushoto, ule uliotolewa mshipa, ubavuni, karibu na kidole cha mwisho. Aliendelea kunyoosha kola. Pascalia ndiye aliyesikia harufu.

"Baba Kache, unaungua."

Kidonda kilioza. Kidole kikakatwa hospitali ile ile, na aliyekuja kumsafisha alikuwa Justus.

"Shemeji," Absalom akamwambia, "daktari alisema nini siku ile? Yote."

Justus alikunjua bendeji asimtazame. "Alisema ubavu wa mguu utakufa ganzi. Uuchunge na moto na miiba."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia, ungekataa. Dada yangu angekula nini?"

"Basi ningekataa. Mguu ni wangu." Absalom akauvuta mguu wake. "Niitie dresa mwingine."

Tangu hapo, Justus akija nyumbani, Absalom huondoka akaenda zake. Pascalia alimpakulia kaka yake chakula, naye Justus akala peke yake.

Miezi ikaenda, Justus akaleta ujumbe wa daktari. Kulikuwa na mpakizi wa mizigo wa Changamwe, Ngala, aliyekatika mshipa vilevile, naye aliogopa kupasuliwa. Daktari alitaka Ngala auone mkono wa Absalom. Absalom akakubali kwenda.

Wodini alishika mkasi, akakata karatasi mbele ya Ngala. Justus akatabasamu. Kisha Absalom akavua kiatu, akauweka mguu juu ya kitanda, akaeleza kila kitu.

Ngala aliutazama mguu ule. "Ingekuwa ni wewe leo, ungekubali?"

"Ningekubali. Kula ni lazima. Lakini ningekubali nikijua."

Ngala akasema anakwenda kwao kwanza, akazungumze na mkewe.

Alipotoka, Justus akasema, "Huyo harudi. Umemwachia ulemavu."

"Mkono ni wake. Ataamua mwenyewe."

Absalom alianza kufunga kamba za kiatu. Vidole vilizikosa, mara moja, mara ya pili. Justus akainama kumsaidia. Absalom akausukuma mkono wake, akasimama, akatoka wodini kamba zikiburutika sakafuni.