Mstaafu wa Juu ya Bati

Fundi cherehani alikuwa akikata kola za sare za shule mdogo wake alipoingia, akaweka mezani kikombe chake cha ofisini na kusema ameacha kazi. Hata mvi zilikuwa hazijaanza kumwota. Mtaani walimwita Birika, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mgumu kutoa. Ofisini alikwenda kwa miguu, viraka alishonewa na dada yake huyo fundi, na kila jioni alikula kwake. Mshahara aliuweka benki ukazaa, na sasa faida ilitosha kumlisha mpaka uzeeni, kama ingebidi ajilishe.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu aliamka akielea shubiri moja juu ya sakafu. Kufikia Ijumaa alikuwa juu ya bati, amelala chali hewani, mikono kisogoni. Majirani walimwomba awaangalizie misumari iliyolegea, maadamu yuko huko. Aliwakumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba, nao wakaafiki.

Fundi alimwonea wivu. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipokanyaga pedeli aliusikia ukichoma. Mgongo wake nao ulitaka kulala vile vile, hewani, bila mteja wa kuuamsha. Mara nyingine aliomba mdogo wake aanguke. Asiumie sana, aanguke tu.

Saa ya kula Birika alishuka kwa kujivuta na kamba ya kuanikia nguo.

"Na mimi nifanyeje nipae?" dada akamuuliza siku moja.

"Punguza matumizi, Dada. Sufuria yako kubwa mno."

"Ni kubwa kwa sababu yako. Miaka yote hii umekula kwangu."

"Sasa ndugu wa tumbo moja tuhesabiane matonge?"

Fundi akalitambua jibu hilo. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomjibu zamani, Birika alipopata mshahara wa kwanza na kutaka kuchangia unga.

Kesho yake akapika kidogo. Birika akashuka, akala chote, akasifu kwamba huo ni mwanzo mzuri, akapanda zake. Fundi akarudi kwenye cherehani na njaa yake. Alasiri akajiona anainuka kitini, upana wa kidole, kisha wa viganja viwili. Ilikuwa raha tupu. Mgongo ulinyooka wenyewe. Ila mguu haukufika tena kwenye pedeli, na sare zilitakiwa Jumatatu.

Akamwita mdogo wake, aje amkanyagie cherehani kidogo tu, ili yeye amalizie kola.

"Mimi nimestaafu, Dada," Birika akajibu kwa upole kutoka juu ya bati.

Fundi akachukua pasi ya mkaa, akaifunga kiunoni kwa kipande cha kitambaa. Mguu ukafika. Akashona mpaka jioni, kisha akabandika sufuria kubwa.