Mboga kwa Wingi

Usiniambie mapenzi hayaui. Nyangi alimpenda baba yake, Mzee Keraryo, kuliko alivyojipenda mwenyewe, na yaliyompata mzee yule yalitoka kwenye sufuria ya binti yake.

Mzee alikuwa na tumbo korofi tangu mwaka juzi. Choo kilimjia kwa kusuasua, siku nne, siku tano, gesi imejaa mpaka usingizi hapati. Miaka sabini na minane! Nyangi akamtoa kijijini akamweka kwake Bunda, kisha akaenda zahanati kumweleza nesi. Nesi foleni imemfika mlangoni, akamjibu mbio mbio: "Wazee hawa dawa yao ni chakula. Punguza ugali, mpe mboga kwa wingi. Na maji."

Nyangi alirudi nyumbani moyo mweupe. Sasa wewe niambie, kwa watu waliokulia kwenye zizi, mboga ni nini? Ukimuuliza mama jikoni, "Leo mboga gani?" jibu lenye heshima ni nyama. Majani ni ya siku mboga imekosekana. Mlishe mgeni mchicha uone; akifika kwake atasema alikula ugali mkavu.

Basi ugali ukapunguzwa ukabaki tonge tatu. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni sato wa kukaanga. Nafuu haikuja, Nyangi akasema mboga haijatosha. Akampigia simu kaka yake Ryoba, mwenye ng'ombe kule Butiama, na Ryoba akachinja ndama. Mzee akala. Alikula jasho linamtoka, maana nyama uliyochinjiwa huirudishi.

Wiki ya sita tumbo likavimba, mzee akaanza kutapika. Nyangi akakodi gari mpaka Musoma, na njia nzima alikuwa analia: "Mungu, huyu usinichukulie. Mzazi nimebaki na huyu tu."

Daktari wa hospitali aliminya tumbo, akatazama picha, akashusha pumzi. "Utumbo umeziba. Tunampasua leo hii, na kwa umri wake, mama, sitakudanganya, ni hatari. Alikuwa anakula nini?"

"Mboga, dokta," Nyangi akajibu haraka, kifua mbele. "Kama tulivyoagizwa. Anakulaga mboga asubuhi, mchana na jioni. Ugali tumempunguzia kabisa."

"Mboga gani?"

"Nyama. Na samaki."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mboga za majani, mama. Mchicha, kisamvu, na matunda. Hivyo ndivyo vinavyolainisha choo. Hiyo nyama tupu imezidi kumfunga."

Lo! Nyangi akakaa sakafuni pale pale. "Nimemuua! Jamani, nimemuua baba yangu kwa mikono yangu!" Wodi nzima ikageuka kumtazama.

Walipokuwa wanamsukuma mzee kwenda chumba cha upasuaji, alimshika binti yake mkono. "Nyamaza, mama. Yule nesi alisema majani, nilimsikia kwa masikio yangu. Mimi Keraryo nile majani, nimekuwa mbuzi? Uroho wangu ndio umeniponza. Na Ryoba umwambie hivyo hivyo."

Alimsikia wapi? Siku ile Nyangi alikwenda kwa nesi peke yake, mzee amelala nyumbani anaugulia.

Maisha yake yote Nyangi hakuwahi kumjibu baba yake vibaya. Kwao hata kumkatiza mzazi maneno ni kujitafutia laana. Lakini pale, mbele ya manesi, machozi na kamasi vimechanganyika, alipiga kelele: "Muongo! Baba, wewe ni muongo!"

Mzee akacheka, kicheko kikamuuma, akajishika tumbo. "Umenitukana mbele za watu," akasema. "Nikitoka humu utanilipa faini."

Mlango ukafungwa.

"Nitalipa, baba," Nyangi akauambia mlango. "Toka tu, nitalipa."