Barafu ya Chimène

Mwezi wa tatu, theluji ya mji wa Buffalo, Marekani, ikiwa bado imelundikana mbele ya nyumba, Adolphine alikuta mifuko mitatu mitupu ya barafu kwenye pipa la takataka. Barafu ya dukani! Katika nyumba hiyo ya mtaa wa Kensington-Bailey waliishi wawili tu, yeye na binti yake Chimène wa miaka kumi na saba, na yeye hakununua barafu.

Kila siku iliyofuata alikuta mingine. Jumamosi aliomba ruhusa ya kutoka mapema kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, akarudi mchana. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mtu alikuwa akihema kama aliyefukuzwa.

"Chimène! Uko unafanya nini mule?"

"Naoga, mama."

"Kuoga gani ya nusu saa, bila mvuke?"

Mlango ulipofunguka, midomo ya msichana ilikuwa inatetemeka, na miguu imekuwa myekundu hadi mapajani. Barafu ilielea kwenye beseni la kuogea.

"Ni ya misuli," alisema Chimène. "Unakaa mu baridi, misuli inapumzika. Kocha ndiye alituonyesha."

Kocha huyo, Ezéchias, alikuwa kijana wa milima ya Kivu Kusini. Alifanya kazi kwenye ghala, na Jumamosi aliwafundisha vijana wa kanisa kukimbia. Halipwi, hana mke, haombi hata soda. Tangu mwanzo Adolphine hakumwelewa. Mtu anayejichosha bure, aliamini, ana jambo lake. Sasa anawaweka mabinti wa watu kwenye barafu. Alimpigia simu rafiki yake Sandrine, na Sandrine akakumbuka kwamba alisikia mahali habari za dhehebu linalowapokea wafuasi wapya kwa kuwazamisha kwenye maji baridi. Kufika Jumapili, nusu ya akina mama wa kwaya walikuwa wakimtazama Ezéchias kwa pembe ya jicho.

Baada ya ibada Adolphine alimkabili nje ya kanisa.

"Donc, yaani unafanya nini na mtoto wangu?"

Ezéchias alieleza kwa heshima. Dakika kumi tu, mara moja kwa wiki, baada ya mbio ndefu. Inapunguza uchovu wa misuli, basi.

"Kama ni mara moja, mbona kila siku nakuta mifuko ya barafu kwenye takataka?"

Kijana alimkodolea macho. "Kila siku, mama? Mimi sikumwambia hivyo."

Anasema uongo, Adolphine alijiambia. Lakini ule mshangao wake ulikataa kumtoka akilini. Kazini aliwahudumia wazee waliotabasamu na kusema hawaumwi, ili tu wasipelekwe kwa daktari. Hakuwa akiwauliza tena. Alitazama jinsi wanavyotembea.

Jumatatu asubuhi alisimama chini ya ngazi akamtazama binti yake akishuka. Mkono ulishika ukuta. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaufuata kwenye ngazi ile ile, kisha tena vile vile.

"Kaa hapa."

Alibonyeza muundi wa mguu wa kulia kwa kidole gumba. Chimène akapiga kelele.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikikaa mu barafu sisikii kitu. Naweza kukimbia."

"Kocha anajua?"

"Aliniuliza mara tatu. Nilimwambia ni misuli tu. Mama, mashindano ya mbio kule Columbus ni wiki ijayo! Kocha wa chuo atatoka Louisville kunitazama, labda wanipe nafasi ya kusoma!"

Siku hiyo hiyo picha ya hospitali ilionyesha ufa kwenye mfupa. Daktari alisema kwamba kama angeendelea kukimbia, ungevunjika kabisa. Alimvalisha buti kubwa la plastiki na kumkataza mbio kwa miezi miwili. Wenzake wakaenda Columbus, na Chimène akaacha kuzungumza na mama yake.

Adolphine naye alikuwa na kazi ngumu zaidi. Alisimama mbele ya akina mama wa kwaya, akasema kwamba yote aliyoyasema juu ya Ezéchias yalikuwa ya kubuni. Sandrine aliangalia viatu vyake.

"Hata mimi ningeshuku," Ezéchias alimwambia baadaye. "Lakini ungeniuliza kwanza, mama, kabla ya kuwaambia wengine."



Siku ya kumi tangu aache kuzungumza na mama yake, Chimène alikuja jikoni na buti lake zito, akavuta kiti.

"Ezéchias alizungumza na kocha wa Louisville. Anasema watanitazama mwaka kesho, lakini wanataka karatasi ya daktari. Uliiweka wapi?"

Adolphine alitaka kuuliza kama kweli ndivyo kocha wa Louisville alivyosema, neno kwa neno. Swali lilimfika mdomoni. Akalimeza, akamwonyesha droo ilimo karatasi.