Kitanda cha Kulalia Kabla ya Kura

"Hao wawili utawalaza wapi, Mama?" Waceke, jirani yake kule Ainabkoi, alimwuliza Chepkoech huku akimsaidia kumfunga mtoto mgongoni. Chepkoech akajibu kwamba Mungu atafungua mlango. Sasa jua lilikuwa linazama Eldoret, na milango aliyoiona ilikuwa ya kufungwa tu.

Kesho asubuhi na mapema kampuni yao ya kununua mashamba ingepiga kura ya kugawana shamba la mzungu aliyerudi kwao. Asiyeitikia jina likiitwa, kipande chake anapewa mwingine. Basi la asubuhi lingemfikisha watu wameshamaliza. Kwa hivyo ilikuwa lazima alale mjini, yeye na pacha wake wa miaka miwili, waliokuwa wakipokezana kulia kama askari wa zamu.

Lojing ya kwanza ilikuwa juu ya baa. Muziki ulitikisa hata ngazi. Akageuka, akimwomba Mungu amsamehe kwa kuchungulia.

Ya pili, mwenyewe aliwatazama watoto kabla ya mama yao. "Magodoro yangu ni mapya. Hawa wanakojoa?"

"Kwani wewe hukojoi?"

Mlango ukafungwa.

Ya tatu ilikuwa safi na kimya. Nderitu, mwenye nyumba, alikuwa mezani akinywa chai. Watoto hawana neno, alisema. "Lakini mzee wako yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana."

"Pole, Mama. Ila mwanamke bila mume simpi chumba. Watu watasema hapa ni nyumba ya mambo yale."

"Mambo yale na pacha mgongoni?"

"Tafuta mwanaume aje aseme wewe ni wake."

"Nimdanganye Mungu kwa sababu ya kitanda!"

Pacha mmoja, aliyekuwa ameshuka sakafuni, akavuta kitambaa cha meza. Chai yote ikamwagikia suruali ya Nderitu. Chepkoech, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, hata hakuinuka.

"Sikiza, Mzee. Hisa yetu katika kampuni ya shamba iko kwa jina la Kiptoo, marehemu mume wangu. Kesho wataita Kiptoo, niitikie mimi. Kampuni nzima imekubali marehemu apate shamba. Wewe unamnyima kitanda?"

Nderitu akafungua mdomo. Kabla hajasema, pacha wa mgongoni akaanza kulia, na mwenzake akamfuata kwa sauti kubwa zaidi. Nderitu akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akautupa mezani palipokuwa na chai, akachukua kofia yake, akatoka.